Komite ya Kumuozesha Mama

Tuliunda komite ya arusi ya Mama ili arusi hiyo isifanyike. Nalisema waziwazi kwa sababu wenzangu wawili, kaka yangu mkubwa na mdogo wetu wa mwisho, mpaka leo wanapita mjini Kasongo wakijisifu kwamba sisi ndio tuliopanga kila kitu. Tulipanga, ni kweli. Tulikutana mara tano na kuandika karatasi tano. Na kama Mama angetungoja sisi, mpaka leo angekuwa anafuturu na redio yake.

Maneno yalianza miezi mitatu kabla ya mwezi wa mfungo. Mama alikuwa katika mwaka wake wa nne wa ujane. Siku moja alichukua kanzu tatu za marehemu Baba akazipeleka kwa fundi cherehani mmoja, mzee mjane kama yeye, azipunguze ziwaenee wajukuu. Kazi ya siku mbili ikachukua wiki tano. Kila nikimuuliza Mama, ananiambia fundi bado anashona. Nikasema mjini kote kwamba fundi yule ni mvivu. Mungu anisamehe, nilimharibia mzee wa watu jina bure.

Halafu asubuhi moja kaka yangu akaingia dukani kwangu, ambako nauza vitenge na sabuni na vitu vingine vidogovidogo. Uso wake ulikuwa wa msiba. Nikashika kifua nikijua kuna mtu amekufa.

"Mama anaposwa," akasema.

Nikacheka mpaka nikaegemea meza. Yeye hakucheka. Mshenga alikwisha kufika kwake, mzee mmoja wa msikitini, amevaa kofia yake nzuri, na alizungumza kwa adabu zote. Hapo na mimi cheko likanikauka.

Jioni hiyo hiyo tulikwenda kwa Mama sote watatu, maana mdogo wetu alikuwa amepita mjini kuchukua bidhaa za kupeleka kwa wachimba dhahabu wa Salamabila. Tulimkuta Mama anabangua karanga barazani. Hakushtuka kutuona, wala hakuona haya. Mimi ndiye niliyeona haya, kwa niaba yake.

"Watoto wangu," akasema, "miye sitafuti bwana wa kunilisha. Shamba langu iko, mikono yangu iko. Lakini mwaka jana, mwezi muzima wa mfungo, muliniletea chakula. Aksanti. Sahani ya mukubwa, sahani ya dada, sukari kutoka Salamabila. Sahani zilifika. Mutu hakufika. Adhana inalia, ninasema bismillahi, redio inanijibu na habari za Kinshasa. Mwaka huu sitaki kufuturu na redio. Nataka kuolewa mbele ya mwezi kuandama."

"Mama, kwani sisi si watu?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyokusudia.

"Muko watu," akasema. "Lakini muko watu wa kwenu."

Akaendelea kubangua karanga. 

Basi niseme kwa nini hatukutaka, na niseme ukweli wote, maana ule wa nusu tulikwisha kuusema sana. Kaka yangu ni mwalimu mkuu wa shule. Aliogopa walimu wake watacheka chini kwa chini, na wazazi wa wanafunzi watamuuliza hali ya baba mpya. Mdogo wetu alikuwa anaweka bidhaa zake katika chumba cha nyuma cha Mama: mabeseni, madumu ya mafuta ya mawese, viatu vya plastiki. Aliogopa mume atakuja na kutaka chumba. Na mimi? Kila asubuhi Mama alinichomea vitumbua vya mchele, nikaviuza dukani, na watu wakavisifu, na mimi nikazikubali sifa. Nani sasa angeamka kunichomea vitumbua, ikiwa ana mume wa kumchomea?

Lakini palikuwa na jambo jingine, na hilo liliniuma kweli. Niliona wivu kwa ajili ya Baba. Baba hawezi tena kusema, basi nikajipa kazi ya kumsemea, ingawa alipokuwa hai hakunituma hata siku moja. Nilikuwa nikipita mbele ya cherehani ya mzee yule, moyo unanichemka, nasalimia kwa meno.

Wazo la komite lilikuwa la kaka yangu. "Tusikatae," alituambia tulipotoka kwa Mama. "Anayekataa ndiye anayeonekana mbaya. Tukubali, halafu tuunde komite."

Mtu wa kwetu anaelewa maana yake. Jambo likiundiwa komite, limekwisha kuzikwa, kilichobaki ni kumchagua mwenyekiti. Kaka alijichagua mwenyekiti. Kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri, akajichagua na katibu pia. Mimi nikapewa mambo ya wanawake. Mdogo wetu akapewa usafiri, na kwa vile alikuwa anarudi Salamabila, tulikubaliana atahudhuria kwa simu kila atakapopanda kwenye kilima chenye mtandao. Mikutano tulifanyia kwa Mama, barazani kwake, kumuonyesha jinsi tunavyoshughulika.

Mkutano wa kwanza ulikuwa juu ya wageni. Kaka alitaka wawe wachache kwa sababu ya heshima. Mimi nilitaka wawe wengi kwa sababu najua wengi huchelewesha. Hatukupatana, na karatasi ikaandikwa hivyo. Mkutano wa pili ulikuwa juu ya vitenge vya sare. Nilileta vipande kutoka dukani, vya kijani na vya buluu, nikavitandaza mkekani. Nilitetea kijani kwa saa nzima kama mtu anayetetea shamba la baba yake, na kama kaka angekubali kijani ningetetea buluu. Mama alitumiminia chai, akashika kitambaa kimoja, akakipapasa, akakirudisha. "Mumefika wapi?" akauliza.

"Kwenye rangi, Mama."

"Aa. Fanyeni pole pole."

Tukaamini kwamba moyo wake umeanza kupoa.

Mkutano wa tatu ndio uliokuwa moto. Ulihusu walii, yule anayemuozesha mwanamke mbele ya mashahidi, ambaye bila neno lake hakuna ndoa. Kaka yangu alisimama, ingawa tulikuwa watu wawili tu na simu. Akasema: Baba hayuko, babu hayuko, basi mtoto wa kiume wa kwanza ndiye walii wa mama yake, na yeye hatatoa neno mpaka moyo wake uridhike. Kutoka kwenye kilima cha Salamabila, sauti ya mdogo wetu ikaja imekatikakatika na upepo: ikiwa yaya, yaani kaka yetu mkubwa, anakataa, yeye pia ni mwanamume, atamuozesha Mama yeye mwenyewe, mradi chumba cha nyuma kisiguswe.

Loo, waligombana! Kaka alimwita mdogo wetu msaliti. Mdogo wetu alimwita kaka mtu wa makaratasi. Mtandao ukakatika, ukarudi, matusi yakaendelea pale pale yalipoachwa. Nami nilifurahi, siwezi kuficha. Mwanamke hawezi kuwa walii, lakini mwanamke anaweza kuulizwa na kila upande yuko upande gani, na wiki ile niliulizwa sana. Kaka aliniletea kilo nzima ya samaki wakavu wa Nyangwe. Mdogo wetu alinitumia salamu tamu ambazo hajawahi kunitumia tangu azaliwe. Niliwapiga chenga wote wawili.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akisikia kila neno. Baba yake, huko Kabambare, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na Mama alikua akisikia masomo ya watoto wa watu kutwa nzima huku anatwanga. Sisi alitupeleka kwenye shule za kalamu. Kaka yangu anajua Kifaransa cha kuweza kumgombeza hata mbuzi. Lakini si mmoja wetu aliyewaza kumuuliza mwanamke yule aliyekaa mlangoni kama habari za walii anazijua. Na yeye hakusema. Alikuja tu na birika.

"Mumefika wapi?"

"Kwa walii, Mama," kaka akasema, bado anapumua kwa hasira.

"Eeh. Hiyo ni kazi kubwa," akasema, akammiminia.

Katika mkutano wa nne tukamuuliza Mama anataka mahari gani. Kaka alikwisha kuandika mbuzi, akaacha nafasi ya kuandika wangapi.

"Viti viwili," Mama akasema.

Kaka akangoja aendelee. Hakuendelea.

"Viti viwili na nini?"

"Viti viwili. Vya mbao, vya kuegemea."

"Mama, watu watasema nini? Mama wa mwalimu mkuu ameolewa kwa viti!"

"Mahari iko yangu, haiko ya komite," Mama akajibu.

Nikaingia na mimi, na mdomo wangu huu. Nikamwambia asitudhalilishe. Nikamwambia hata msichana asiye na mbele wala nyuma haolewi kwa viti. Nikamuuliza viti ni vya nini hasa.

"Vya kukalia," akasema.

Nakumbuka tulivyokuwa tumekaa saa ile, maana baadaye nilipata muda mrefu wa kukumbuka. Kaka yangu, mwenyekiti na katibu, alikuwa amekaa juu ya dumu la mafuta. Mimi nilikuwa nimegeuza kinu nikakikalia. Mama alikuwa chini, kizingitini. Niliona dumu, niliona kinu, niliona kizingiti, na sikuona kitu.

Mwezi wa Shaabani ulikuwa umefika katikati. Hapo Mama akatuambia kwamba anakwenda Kabambare kumuangalia kaka yake. Huyo ni mjomba wetu, mkulima, mkubwa kuliko Mama, mguu wake mmoja ni mbovu tangu aanguke kwenye mchikichi. Miaka ilikuwa imepita hatujamuona. Sababu yetu ilikuwa barabara, na ni sababu nzuri, kwa sababu barabara ile ni mbaya kweli: matope yanameza magurudumu, madaraja ni magogo mawili matatu, na mvua ikinyesha abiria anashuka kusukuma. Tulimpelekea salamu kwa kila aliyekwenda. Salamu hazichoki njiani.

Siku nyingine tungemkataza Mama. Mwanamke wa umri wake juu ya pikipiki, mpaka Kabambare, wakati wa mvua! Lakini kaka alinivuta pembeni akanong'ona, "Mwache aende. Atakaa huko, atachoka, mwezi utaandama, mambo yatapita mpaka baada ya Idi." Akili yangu ikaona nuru. Nikageuka mtoto mwema ghafla. Nilimpa Mama koti langu la mvua. Nilimwambia dereva aende taratibu, amchukue kama mayai. Mfuko wake niliufunga mimi mwenyewe nyuma ya kiti kwa kamba ya mpira, nikavuta mpaka mikono ikaniuma. Ndani nikasikia kitu laini kimekunjwa.

"Nini hiki, Mama?"

"Nguo ya mjomba wako."

Nikasema vizuri, mjomba atafurahi. Akapanda, akajifunika, akaniambia, "Aksanti, mwanangu. Umenisaidia sana." Nikarudi dukani nimejaa furaha ya mtu aliyetenda wema na hila kwa mkono mmoja.

Kwa kuwa Mama hayuko, mkutano wa tano tuliufanyia ofisini kwa kaka, shuleni. Ulikuwa mfupi na mtamu. Tulikubaliana kwamba arusi itafanyika baada ya Idi, baada ya mvua, baada ya mitihani, tarehe itakayotangazwa baadaye. Hata simu ilipatana nasi. Kaka akapiga mstari chini ya neno "baadaye", tukapeana mikono.

Alhamisi, kabla ya alasiri, pikipiki mbili ziliingia mtaani kwa Mama. Zilikuwa zimegeuka rangi moja na barabara. Ya kwanza ilimbeba Mama, koti langu limejaa tope mpaka kwenye kofia. Ya pili ilimbeba Mjomba. Watu wawili walimshusha kama gunia la mihogo, akapewa fimbo yake, akasimama, akatutazama mimi na kaka tuliokuja mbio.

"Nasikia muko na komite," akasema.

Kaka akamwamkia. Mimi nikamwamkia. Nilitaka kuuliza amekuja kufanya nini, lakini Mama alikwisha kuingia ndani, na nilipomfuata nikakuta majirani wanne jikoni kwangu. Nasema kwangu kwa kuwa nilizaliwa mle. Walikuwa wanapepeta mchele. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa inatwangwa, samaki walikuwa wamelowekwa. Mmoja akageuka akaniuliza, "Na wewe umekuja kusaidia?"

Mtaa mzima ulijua. Kwamba ni kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Kwamba wageni ni waliopo. Kwamba hakuna sare, kila mtu avae alicho nacho. Mambo yaliyotushinda kwa mikutano mitano, Mama aliyamaliza kwa kuongea na wanawake wanne kabla ya kupanda pikipiki.

Nilimfuata chumbani. "Mama, umetufanya wajinga."

Alikuwa anakung'uta koti langu. "Nani aliwakataza kunisikia?" akasema. "Niliwaambia mbele ya mwezi kuandama. Niliwaambia siku ya kwanza." Kisha akanipa koti, limekunjwa vizuri. Nikatoka na koti langu.

Lakini kaka yangu alikuwa bado na matumaini, maana walii ni yeye. Ijumaa alikuja na suti yake ya kupokelea wakaguzi, karatasi tano kwapani. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani: shehe, mashahidi, Mjomba, na yule fundi cherehani, mdogo wa mwili, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata. Sisi wanawake tulikuwa ndani, mlango wazi, tunasikia na kuona.

"Walii ni nani?" shehe akauliza.

Kaka akasimama. "Ni mimi, mtoto wake wa kwanza. Na kabla ya kutoa neno, kwa niaba ya komite, ningependa kusoma maamuzi ya..."

"Kaa, mwalimu," shehe akasema kwa upole.

"Mimi ndiye walii wake."

"Hapana. Kwa mazehebu yetu hapa, mutoto hamuozeshi mama yake. Angekuwa baba yake yuko, ni baba. Babu yake, ni babu. Hawako. Basi ni kaka yake wa baba mumoja. Weye iko mutoto tu."

Mjomba akakohoa, akasogeza mguu wake mbovu mbele. Alikuwa amevaa kanzu mpya nyeupe, inamkaa mabegani kama ngozi yake. Nikaitambua kazi ya mshono ule. Fundi hakuwahi kumuona Mjomba kabla ya siku ile, vipimo vilitoka kichwani mwa Mama. Na mimi ndiye niliyeifunga kanzu ile kwenye pikipiki, kwa mikono yangu, mpaka ikaniuma.

Kaka alibaki amesimama. Mkutano mzima wa ugomvi na kilo ya samaki wakavu, kumbe yeye na mdogo wetu walikuwa wanagombea kiti ambacho hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kukikalia. Wazee wakacheka, si kwa ubaya, cheko la tumboni. Kaka akakunja karatasi zake, akakaa mkekani na suti yake, na magoti yake yakawa marefu sana. Nilimhurumia. Halafu nikakumbuka mimi pia ni wa komite, nikajihurumia mwenyewe.

Shehe alikuja mpaka mlangoni na mashahidi, akamuuliza Mama kama amekubali kuolewa. Wanawali wa kwetu hujibu kwa kunong'ona. Mama alisema, "Nimekubali," kwa sauti ya mtu anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Na mahari?"

"Viti viwili," Mjomba akajibu, "na vimefika."

Vilikuwa pale ukutani, nilikuwa sijaviona. Vya mbao nyekundu, vya kuegemea, vinanukia rangi mbichi. Fundi alivileta mwenyewe juu ya baiskeli, kimoja kimoja, safari mbili. Wanaume wakavitazama. Na hapo jirani mmoja, mwanamke mzee asiyejua kusema polepole, akauliza karibu na sikio langu lakini kwa ajili ya wote:

"Viti? Kwani vile sita vya marehemu vilikwenda wapi?"

Nilisikia masikio yangu yanawaka moto. Baba alikuwa ameagiza viti sita kwa seremala mwaka tuliohamia nyumba ile, na jioni sote tulikaa juu yake. Baada ya msiba, kaka alichukua viwili, kwa sababu mkaguzi anakuja na ofisi haina pa kumkalisha. Mkutano wa tano niliukalia juu ya kimojawapo! Mdogo wetu alichukua viwili alipopanga chumba mjini, na alipohama akaviacha huko huko. Na mimi nilichukua viwili vya mwisho kuviweka dukani, kwa wateja, "kwa wiki moja tu, Mama." Wiki hiyo ilikuwa na miaka mitatu. Kila mtu akija kwa Mama hakai, na hakai kwa kuwa hakuna pa kukaa, na pa kukaa hakuna kwa kuwa tulipachukua sisi. Nilitaka ardhi inimeze. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga navyo, kuficha uso.

Mjomba akamshika fundi mkono, akasema amemuozesha dada yake kwa mahari ya viti viwili. Fundi akasema amepokea. Basi. Dakika hazikutosha hata kuchemsha chai.

Tulikula wali mpaka jua likapungua. Mdogo wetu alipiga simu kutoka kilimani kuuliza kama mkutano wa sita ni lini, nikamwambia atume mtu kuondoa mabeseni yake, cherehani inaingia chumba cha nyuma. Viti viwili vya kaka viko ofisini mpaka leo. Anasema vimekwisha kuandikwa katika mali ya shule na kuvitoa kunahitaji mkutano.

Jumamosi nilifungua duka. Mteja wangu wa siku zote aliingia, akakaa kwenye kiti, akaomba nimshushie kitenge cha juu.

"Inuka," nikamwambia.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Inuka tu."

Aliinuka akiniangalia kana kwamba nimepandisha homa. Nikakigeuza kiti. Chini, Baba alikuwa amechora alama yake kwa kisu, mistari ya kuhesabia, kila kiti na yake. Nilikaa sakafuni nyuma ya meza nikalia, na mteja akaondoka bila kitenge.

Mwezi uliandama Jumapili. Jumatatu jioni, siku ya kwanza ya mfungo, niliwaachia wa nyumbani kwangu futari yao mezani. Nikabeba bakuli la uji mkononi na kiti kichwani, nikapita katikati ya mtaa. Watu wakaniuliza kama nahama. Nikasema ndiyo, kidogo.

Niliwakuta barazani. Mama kwenye kiti kimoja, mume wake kwenye kingine, sahani juu ya mkeka kati yao, wanangoja adhana. Redio ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitambaa. Mama alinitazama mimi, akatazama kiti, akakijua. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, ya kuomba radhi, ya Baba, ya vitumbua. Yeye akanitangulia.

"Cha nani hicho?" akauliza.

"Chako, Mama."

"Kikalie. Miye niko na changu."

Nikakiweka, nikakaa. Adhana ikalia. Mama akasema bismillahi, na safari hii watu wawili wakamjibu. Akanywa maji, akanisogezea kikombe, halafu akasema taratibu, bila kunitazama:

"Ungekuja nacho mwaka jana, komite yenu ingekosa kazi."

Nikachukua kikombe. Mume wake, ambaye hasikii vizuri sikio la kushoto, aliinama mbele akauliza nimesema nini.

"Hajasema kitu," Mama akamwambia. "Amekuja kufuturu."